Gari la Kwanza Uliloachiwa: Ondoa Marekebisho ya Wengine Kabla ya Kuanza Yako

Kijana anayekabidhiwa ufunguo wa gari lake la kwanza na baba yake, mjomba wake au dada aliyenunua jingine, mara nyingi huanza kuwaza rimu za kung'aa, taa nyeupe, redio yenye kioo kikubwa na springi za kulishusha. Hamu hiyo naielewa vizuri, kwa kuwa niliipata mimi mwenyewe hapa Dodoma nilipoachiwa na mjomba wangu Toyota Corolla ya mwaka 1998. Gari hilo lilinifundisha jambo ambalo natamani ningeambiwa mapema: gari lenye umri wa miaka 20 na zaidi halikufikii likiwa jinsi lilivyotoka kiwandani. Limekwisha kupita katika mikono ya mafundi wengi, na kila mmoja amefunga, amekata au ameondoa kitu bila kuandika popote. Kwa hiyo, kabla hujajiuliza kama utalitunza au utalibadilisha, tafuta kwanza yale ambayo wengine wamekwisha kulibadilisha.

Anza na karatasi, maana kazi hiyo ni fupi wakati aliyekupa gari yupo, na inakuwa ndefu sana asipokuwepo. Linganisha namba ya chasisi na namba ya injini zilizo kwenye kadi na zile zilizogongwa kwenye chuma chenyewe. Injini za magari haya hubadilishwa mara kwa mara, na namba zisipolingana ni bora ujue leo kuliko kujua siku ya ukaguzi. Nendeni pamoja Mamlaka ya Mapato (TRA) mkabadilishe umiliki, hata kama ninyi ni ndugu wa damu. Mwenye gari akiwa amefariki, hatua hiyo haiwezi kufanyika mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe, na familia nyingi huliendesha gari kwa miaka katika hali hiyo hadi ajali inapotokea. Hakikisha pia kwamba bima ni hai na inasomeka kwa jina lako.

Marekebisho yaliyofichika

Mfumo wa kupoza injini ndio wa kukagua kwanza, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndiko nilikoumia. Nilikuwa natoka Morogoro, na katika mpando mrefu kati ya Dumila na Gairo mshale wa joto ukaanza kupanda bila kurudi. Nilisimama pembeni, nikazima injini na kusubiri karibu saa nzima kabla ya kugusa kifuniko cha rejeta. Fundi aliyenisaidia Gairo alifungua nyumba ya themostati, akaniita nitazame. Ndani hamkuwa na kitu, ila kutu na utando mweupe ulioganda kama ule unaobaki ndani ya birika la chai. Fundi mmoja wa zamani alikuwa ameitoa themostati ili gari "lipoe vizuri", feni ikaunganishwa moja kwa moja na swichi ya ufunguo ili izunguke muda wote, na rejeta ikawa inajazwa maji ya bomba.

Kila moja ya hatua hizo inaonekana ni msaada, kumbe inaharibu. Themostati ni kilango kinachofunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, na kwa magari mengi ya aina hii hufunguka katika nyuzi 82 hivi. Ikiondolewa, injini hukaa baridi kwa muda mrefu asubuhi, hasa katika miezi ya Juni na Julai, na kompyuta ya gari huendelea kumimina petroli nyingi ikidhani injini haijapata moto. Katika baadhi ya injini themostati hiyohiyo ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji inapofunguka, kwa hiyo isipokuwepo sehemu ya maji moto hurudi kwenye injini bila kupita katika rejeta. Ndiyo maana gari lisilo na themostati linaweza kutulia mjini na kuchemka mlimani.

Upimaji wake ni rahisi. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, iwashe na ushike mpira wa chini wa rejeta, huku ukiweka vidole mbali na feni kwa kuwa inaweza kuanza kuzunguka bila kukupa taarifa. Mpira huo unapaswa kubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha upate joto baada ya kilango kufunguka. Mpira ukianza kupata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, themostati ama haipo ama imekwama wazi. Ukinunua mpya, ifunge kwa uzi na kuining'iniza katika sufuria ya maji jikoni, bila kugusa kitako cha sufuria, kisha washa jiko. Maji yakikaribia kuchemka, utaiona ikifunguka mbele ya macho yako, na yakipoa itajifunga. Usiipeleke kwa fundi kabla ya kuiona ikifanya hivyo.

Maji ya Dodoma nayo yana neno lake. Yanatoka kwa sehemu kubwa katika visima virefu vya Mzakwe, na kila mwenye birika mjini hapa anaijua chumvi yake. Chumvi ileile huganda ndani ya mirija myembamba ya rejeta na kuiziba. Tumia kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, iliyochanganywa tayari, na ukibadilisha uisafishe njia yote kwanza. Usiamini rangi pekee, kwa sababu watengenezaji hawafuati rangi moja. Kifuniko cha rejeta ukibadilishe pamoja nayo. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji ya wazi huchemka katika nyuzi 96 hivi. Kifuniko kizima hushikilia mgandamizo ndani ya rejeta, na mgandamizo huo huinua kiwango cha kuchemka kupita nyuzi 110. Kikichoka, unapoteza kinga hiyo yote kwa ajili ya kitu kidogo kuliko kiganja chako.

Baada ya hapo fungua sanduku la fyuzi. Ukikuta fyuzi iliyozungushiwa waya wa shaba, au fyuzi ya ampia 30 mahali palipoandikwa 15, rudisha iliyo sahihi na utafute sababu iliyofanya ile ya awali iungue, kwani waya huo ndio moto wa kesho. Geuza ufunguo bila kuwasha injini, uone kama taa ya hitilafu ya injini inawaka. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa ili usiulize maswali. Katika Toyota nyingi za miaka hiyo kuna kiboksi kidogo chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Ukiyaunganisha kwa kipande cha waya na kugeuza ufunguo, taa itapepesa. Ikipepesa kwa mfululizo ulio sawa, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikipepesa kwa mafungu, hesabu mipepeso ya kila fungu na uiandike, kwa sababu ndiyo namba ya tatizo.

Inama pia utazame springi. Watu wengi huwekewa spesa, yaani vipande vya kuongeza kimo kwenye springi, ili gari linyanyuke, na spesa nene hubadilisha pembe ya shafti na kumaliza jointi zake mapema. Pima kwa futi kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, ulinganishe kushoto na kulia. Gari lililolala mara nyingi limechoka springi na shokapu, na ukiweka mpya za kipimo chake unarudishiwa kimo chake chote bila spesa yoyote.

Matunzo ya mji wa vumbi

Kama hujui historia ya gari, hesabu kwamba hakuna kilichobadilishwa. Namba ya kilomita kwenye dashibodi usiitegemee. Oili ya injini na filta yake vibadilishwe wiki ya kwanza, na baada ya hapo kila kilomita 5,000. Wapo mafundi watakaokushauri oili nzito kwa kuwa injini ni ya zamani. Mimi hufuata kipimo cha mtengenezaji, na nikiona injini inakula oili natafuta inapopotelea, kwa sababu oili nzito huficha tatizo bila kulitibu. Tamingi belti, yaani mkanda unaooanisha mizunguko ya ndani ya injini, ya injini kama 5A ya Toyota hubadilishwa kila kilomita 100,000, na isipojulikana ilibadilishwa lini, ibadilishwe sasa pamoja na beringi zake. Ikikatika, gari huzima palepale ulipo, iwe ni Nzuguni au katikati ya njia ya Manyoni usiku.

Giaboksi ya otomatiki inahitaji uangalifu wa pekee. Mafuta yake hupimwa injini ikiwa imepata moto na inanguruma, na kijiti cha kupimia mara nyingi kimeandikwa aina inayotakiwa, kwa mfano T-IV. Soma maandishi hayo mwenyewe, usisubiri muuza duka akuchagulie.

Filta ya hewa ya karatasi haioshwi kwa maji. Ukiwa unaishi Ilazo, Nkuhungu, au viwanja vipya vya Iyumbu ambako barabara ya mtaa bado ni udongo, itoe kila wiki mbili wakati wa kiangazi, uipulize kutoka ndani kwenda nje, na uitazame kwenye mwanga wa jua. Pasipopita mwanga, nunua nyingine. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hivyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama hayajapungua.

Tairi hapa huuawa na jua kabla ya kuisha kwa kukanyaga lami. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata (meno ya kukanyagia) nene lakini ubavu uliopasukapasuka si la kwendea Singida.

Yanayofaa kubadilishwa

Gari likishakuwa zima, yapo mabadiliko ninayoyaunga mkono, na la kwanza ni bamba la chuma la kukinga sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwa ajili ya matuta na mawe ya mitaani kwetu. La pili ni taa. Vioo vya taa vikishakuwa vya njano, visugue kwa msasa wa maji na kuvipaka rangi angavu ya kuzuia jua, ufunge balbu za H4 za kawaida za wati 60 na 55, na kusafisha sehemu waya wa ethi (unaorudisha umeme) unapogusana na bodi; utashangaa mwanga uliokuwa umepotea. Balbu za wati 100 huyeyusha soketi, na zile nyeupe za gesi zikiwekwa katika taa ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake humpofusha dereva wa lori anayekuja mbele yako. Redio unaweza kuweka, ila iwe na fyuzi yake mwenyewe, na isichukue umeme kwenye waya wa kitu kingine.

Filta ya koni iliyo wazi siikubali kabisa katika mji huu, kwa kuwa huvuta hewa moto na vumbi kutoka chini ya boneti. Kutoa masega ya ekzosti, yanayosafisha moshi, hukuachia kelele na moshi. Kushusha gari katika mitaa yenye makorongo ya mvua ni kuinunulia sampu jeraha. Rimu ziwe za mwisho, na zikija, kipenyo cha tairi zima kisizidi kile cha awali, la sivyo kipima mwendo kitakudanganya na tairi itakwaruza bodi unapokata kona.

Rangi ukiibadilisha, rudi TRA na kadi yako ili maandishi yafanane na gari, kisha umjulishe wakala wa bima kila ulichokibadilisha, kwa maandishi, na nakala uihifadhi pamoja na daftari la gari, ambamo kila kazi iliyofanyika imeandikwa kwa tarehe, kilomita na jina la kifaa, kwa ajili ya mdogo wako utakayemwachia gari hilo.