Kwenda Jambiani kutoka Moshi: anza kwa kutazama mwezi

Mwezi mpevu ukikaribia, Moshi hujaa wageni wanaotaka kufika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, usiku wa mbalamwezi. Mimi ndiyo kazi yangu, naongoza wageni mlimani, na kabla ya hapo nilibeba mizigo. Wakishuka, wengi huniaga wakisema kesho wako Zanzibar kupumzika. Niliyasikia hayo miaka mingi kabla sijavuka maji mwenyewe. Sasa nimeshakwenda Jambiani mara tatu, na wenzangu hapa mjini wakitaka kwenda huniuliza mimi. Haya ndiyo ninayowaambia.

Tazama mwezi kwanza, tiketi baadaye. Jambiani ni kijiji kirefu kilichojinyoosha kando ya ufuo, kusini mashariki ya Unguja, na shughuli zake zinafuata maji. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, huwa bamvua: bahari inajaa mpaka karibu na nyumba, kisha inapwa mpaka kule mbali mawimbi yanakopasukia kwenye mwamba. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hapo nusu ya kijiji iko baharini kwa miguu, kina mama kwenye mwani, wengine na vijiti wakichokoa pweza mashimoni. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Baada ya juma moja ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Ni mazuri kwa kuogelea, lakini kazi ya kijiji utaiona kidogo. Kwa hiyo fika siku mwezi unapopevuka, ukae siku nne. Mbili hazitoshi.

Sisi wa mlimani tuna nafasi Aprili na Mei, mvua zikitukatia kazi. Usiende wakati huo, masika yanapiga huko pia. Mwanzoni mwa Juni panapendeza, kusi inavuma na jua si kali. Ukienda Ramadhani, mchana usile wala kunywa mbele za watu, hata maji.

Safari yenyewe ni rahisi. Basi la alfajiri kutoka Moshi linakufikisha Dar es Salaam jioni. Lala, asubuhi panda boti, ukisafiri kwa muda wa saa mbili hivi uko Unguja mjini. Usisahau kitambulisho. Toka mjini kwa daladala namba 309, na mkipita msitu wa Jozani tazama juu kwenye miti, kima punju wako pale, nao hawapatikani popote duniani nje ya Zanzibar.

Sasa salamu, na hapa nitakawia. Mgeni akipita mbele ya nyumba yetu Marangu bila kumsalimu meku, yaani mzee, aliyeketi nje, tunaumia, hata tukinyamaza. Jambiani ni hivyo hivyo. Ukikuta wazee barazani, toa "Asalaam aleikum", kisha "shikamoo" kwa aliyekuzidi umri, na usubiri uulizwe hali, nyumbani na safari. Usiwe na haraka. Ukilala kwa familia, mwenyeji wako atakupeleka kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini, akutambulishe. Nenda kwa moyo. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti ukiwa kijijini. Pombe usiingie nayo. Picha ya mtu iombe kwanza, na ukikataliwa, weka simu mfukoni. Zawadi nzuri kutoka kwetu ni kahawa. Mimi hupeleka kilo mbili zilizokaangwa, na jioni tunainywa chungu, kwa vikombe vidogo, pamoja na kashata.

Ukishuka ufukweni maji yakiwa yamepwa, vaa viatu vya plastiki. Kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wake ukikatikia mguuni, safari yako imeharibika. Mara ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kuelekea mwambani, nikakatiza kwenye vijiti vilivyosimama majini. Bibi mmoja akaniita.

"Mwanangu, pitia nje ya kamba. Hilo shamba."

Nikarudi, nikamwamkia, nikaomba radhi. Akaniuliza, "Watoka wapi?" Nikamwambia Moshi. Akanipisha nichuchumae karibu yake, maji yakiwa yanafika kwenye vifundo vya miguu. Alichukua kipande cha mwani kinachojaa kiganja, akakizungushia kikamba chembamba, akakaza kwa vidole viwili bila kutazama, akasogea kingine. Kamba moja ina mafundo mengi ya namna hiyo, na mwani unakaa majini kama siku 45 ndipo uvunwe na kuanikwa. Kilimo hiki kilianza pwani hii mwaka 1989. Aliniambia ile aina ya kotonii, yenye bei nzuri, siku hizi inawafia kwa sababu maji ya kina kifupi yamepata joto. Nilijaribu kufunga vipande kumi. Alivifungua vinne, akavifunga upya.

Maji yakianza kurudi, rudi nawe. Hujaa kwanza kwenye mikondo iliyo kati yako na ufuo, na huku mbele ukidhani bado ni pakavu. Kina mama wakibeba mizigo kichwani, wafuate.

Siku ya kuondoka zunguka ukaage, nyumba kwa nyumba, pote ulipokula au kunywa. Mimi nilipokwenda kumuaga yule bibi nilimkuta uani anapiga makumbi ya nazi aliyoyafukua ufukweni baada ya kuyafukia kwa miezi. Alinisokotea kamba kama pima mbili, nikiwa nimekaa pale pale. Hiyo ndiyo ninayofungia hema la jikoni mlimani mpaka leo.