Namna ya Kuwatenga Perege Madume na Majike kwa Mkono

Perege wa jenasi ya Oreochromis, akiwemo sato anayefugwa katika mabwawa mengi ya Tanzania, Kenya na Uganda, wana tabia moja inayomtia mfugaji hasara: huzaana mapema mno. Jike huatamia mayai na vifaranga mdomoni, muda huo akiwa hali karibu chochote, na baada ya miezi michache bwawa hujaa vitoto vinavyogombania chakula na wazazi wao hata wote wakadumaa. Dume hukua upesi kuliko jike, na ndiyo sababu wafugaji wa biashara hupendelea madume watupu.

Subiri samaki wafikie gramu 30 hivi, kwa kuwa chini ya hapo alama hazijajitokeza vizuri. Usiwalishe siku ya kuamkia kazi. Wavue alfajiri, jua halijapanda, na uwaweke wachache wachache katika beseni lenye maji ya bwawa lile lile.

Lowesha mikono kwanza, kwani kiganja kikavu humbandua samaki ute unaomkinga na magonjwa. Mshike kwa kupitisha mkono kutoka kichwani kuelekea mkiani ili miiba ya pezi la mgongoni ilale. Anayeanzia mkiani atachomwa, wala hatarudia. Mgeuze tumbo juu. Nyuma ya tundu la haja kubwa utaona kinundu kidogo. Cha dume kimechongoka na kina tundu moja nchani, linalopitisha mkojo na mbegu. Cha jike ni kifupi na butu, na mbali na kitundu cha mkojo kina ufa mwembamba uliokingama, ambamo mayai hutokea. Huo ufa ndio wa kutafuta. Usipoonekana, gusisha kwa pamba ile dawa ya zambarau ya vidonda, uifute taratibu: rangi itabaki ndani ya ufa.

Samaki unayemtilia mashaka mweke upande wa majike. Kwangu mimi ni heri kupoteza madume kumi kuliko kupitisha majike wawili, na kwa kuwa hata mkono uliozoea hukosea, chungulia kingo za bwawa baada ya wiki kadhaa uone kama kuna vifaranga. Majike waliotengwa wafugwe bwawa la pembeni kwa kitoweo. Wasiachiliwe mtoni wala ziwani, kwani sato huzaliana na perege wa asili wa maji hayo na kuchanganya mbegu yao.