Kumtazama Paul Robeson: Filamu za Kuanza Nazo na Namna ya Kuziandaa

Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mweusi wa Marekani, aliigiza filamu kwa takriban miaka 17, kuanzia 1925 hadi 1942, na zote hazifiki 15. Jioni tano zinatosha kupata picha nzima. Ukizipanga kwa miaka, watazamaji watakutana kwanza na filamu zisizo na sauti, ilhali sauti yake ndiyo mlango wa kumfahamu.

Kabla ya filamu ya kwanza, soma maelezo ya dakika 3. Alizaliwa Princeton, New Jersey, tarehe 9 Aprili 1898, mtoto wa mchungaji aliyetoroka utumwani. Alisoma Chuo Kikuu cha Rutgers, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Columbia huku akicheza mpira wa miguu wa Kimarekani wa kulipwa mwaka 1921 na 1922. Uwakili aliuacha mapema kwa sababu ya ubaguzi, akaingia jukwaani. Asiyejua haya atamwona mwimbaji mwenye mwili mkubwa na kuishia hapo.

Anza na The Proud Valley (1940, dakika 76). Anaigiza baharia anayepata kazi katika mgodi wa makaa ya mawe huko Wales baada ya wanakwaya kuisikia sauti yake. Hapa ni mfanyakazi kati ya wafanyakazi, na yeye mwenyewe aliipenda filamu hii kuliko nyingine zake. Waeleze watazamaji kwamba mwisho wake ulibadilishwa kwa sababu ya vita. Bila hivyo wataona mgogoro wa wachimbaji umezimwa ghafla mno.

Ya pili iwe Show Boat (1936, dakika 113). Sehemu yake ni ndogo, lakini wimbo wa “Ol’ Man River” umo humu. Baadaye kwenye matamasha aliyageuza maneno yake, kutoka kuchoka hadi kupigana. Tafuta rekodi ya matamasha hayo, uipige mara filamu inapokwisha ili tofauti isikike.

Body and Soul (1925), iliyoongozwa na Oscar Micheaux, ije ya tatu. Humo anaigiza watu wawili: mhubiri tapeli na ndugu yake mwema. Ni filamu bubu, na nakala zake hutofautiana urefu. Filamu iliyopigwa kwa fremu (picha moja moja) 20 kwa sekunde ikichezwa kwa 24, dakika 60 zinakuwa 50 na watu wanatembea kwa kurukaruka. Ukiona hivyo, punguza kasi ya kichezeshi hadi 0.83.

Ya nne, Sanders of the River (1935), isionyeshwe kamwe bila mazungumzo baada yake. Robeson aliikubali akiamini itaonyesha heshima ya tamaduni za Kiafrika. Siku hizo alikuwa akisoma fonetiki na Kiswahili chuoni London. Filamu ilipokamilika ilikuwa inausifu utawala wa kikoloni, naye akaikataa. Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London, alikuwa mmoja wa waigizaji wadogo wa kundi. Tenga angalau nusu saa ya kuijadili.

Jioni ya tano onyesha sehemu yake tu katika Tales of Manhattan (1942), iliyo mwishoni mwa filamu. Baada ya hiyo aliachana na Hollywood, akichukizwa na namna Weusi walivyochorwa. Malizia kwa sauti: Othello yake, tamthilia ya Shakespeare aliyoigiza Broadway, New York, ilianza 1943, ikachezwa mara 296, na kuna albamu iliyorekodiwa na waigizaji walewale. Eleza pia kwamba serikali ya Marekani ilimnyang’anya pasipoti kuanzia 1950 hadi 1958. Ukimya wa miaka hiyo haukutokana na kuisha kipaji.

Sasa mitambo. Filamu zote hizi zina umbo la 4:3. Televisheni ikizitanua zijaze kioo, nyuso zinapanuka; zima mpangilio huo na ukubali kingo nyeusi pembeni. Sauti yake ni ya chini sana, na spika nyembamba za televisheni huimeza, kwa hiyo unganisha spika kubwa. Usiongeze besi kupita kiasi, maana mngurumo wa rekodi kuukuu utapanda nayo.

Ukiandika tafsiri ya Kiswahili ya kuonekana chini ya picha, weka mistari isiyozidi 2, kila mmoja herufi 42 au pungufu. Maandishi yakichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC (programu ya kuchezesha video) bonyeza G au H kuyasogeza. Yakiwa sawa mwanzoni kisha yakazidi kuachana na sauti, tatizo ni kasi: diski nyingi za Ulaya huchezwa kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo Show Boat inakuwa dakika 108 hivi. Fungua faili la maandishi katika Subtitle Edit (programu ya kurekebisha tafsiri hizo), badilisha kasi kutoka 23.976 kwenda 25, kisha ulijaribu katika dakika 10 za mwisho, ambako kosa huonekana zaidi.