Kabla hujasema Vim ina bagi

Kuna siku nilikaribia kujiaibisha kwa kuripoti bagi (kosa la programu) katika Vim, kihariri changu cha maandishi. Vimrc yangu (faili la mipangilio ya Vim) ilikuwa na `set shiftwidth=2`, yaani mstari usogezwe nafasi mbili, lakini kila nikifungua faili la Python, amri ya `>>` inasogeza mstari nafasi nne. Nikaandika ripoti ndefu yenye hasira kidogo, nikabakiza kubonyeza tu. Haikuwa bagi. Tangu hapo nafuata mpangilio huu.

1. Fungua Vim tupu

```
vim --clean jaribio.py
```

Hapo vimrc yako na plugini zako zimewekwa kando. Tatizo likitoweka, mchawi yumo nyumbani kwako. Zima nusu ya vimrc kwa kuweka `"` mwanzoni mwa mistari, jaribu tena, kisha nusu ya nusu yenye tatizo. Mistari 200 inaisha kwa majaribio kama manane.

2. Uliza nani kabadilisha

Langu halikutoweka. Ndani ya Vim tupu niliandika `:set shiftwidth=2`, nikafungua faili la Python, ikarudi 4. Hapo ndipo nilipojiona nimeshinda. Kumbe kulikuwa na amri moja sijaiuliza:

```
:verbose set shiftwidth?
```

Inakutajia faili lililogusa thamani hiyo mara ya mwisho. Kwangu lilikuwa `ftplugin/python.vim`, linalokuja na Vim yenyewe na kufuata PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python, kwa makusudi. Dawa ni mstari mmoja kwenye vimrc:

```
let g:python_recommended_style = 0
```

Malalamiko mengi ninayoletewa na wenzangu huishia hapa.

3. Jaribu toleo la leo

Vim ya kwenye Linux yako huenda imeachwa nyuma viraka (marekebisho madogo ya msimbo) mamia. `vim --version` itakuonyesha imefika kiraka namba ngapi. Chukua msimbo kwa Git (programu inayotunza historia yake), ujenge mpya bila kugusa ya zamani:

```
git clone https://github.com/vim/vim.git
cd vim/src
make
VIMRUNTIME=../runtime ./vim --clean
```

Usisahau hiyo `VIMRUNTIME`. Bila hiyo unaweza kuendesha programu mpya na mafaili ya zamani, ukapoteza mchana mzima.

4. Tafuta kiraka kilichovunja

Kama zamani ilikuwa sawa, Vim ina raha yake: kila kiraka kina namba.

```
git bisect start
git bisect bad
git bisect good v9.1.0000
```

Git itakupeleka katikati ya toleo bovu na lile zima. Unajenga, unajaribu, unajibu `good` au `bad`. Viraka 1000 ni raundi kama kumi. Chemsha chai.

5. Andika ripoti

"Vim inaganda nikibandika maandishi" haimsaidii mtu. Taja amri uliyoanzia, vitufe kwa mfuatano wake, ulichotarajia, ulichokiona, toleo na kiraka, pamoja na terminali unayotumia. Faili la mfano liwe dogo kadiri inavyowezekana. Mimi hufuta mstari mmojammoja mpaka tatizo likatae kutokea, kisha narudisha ule wa mwisho. Kiingereza chepesi kinatosha. Ila kama faili fulani linaiangusha Vim kabisa, soma kwanza maelekezo ya usalama ya mradi. Tundu la namna hiyo halitangazwi hadharani kabla ya kuzibwa.

6. Ukitaka kuziba mwenyewe

Anza na jaribio, siyo dawa. Majaribio yamo `src/testdir`, yameandikwa kwa lugha ya Vim yenyewe. Ongeza kazi (function) inayoanza na `Test_`, weka `assert_equal()` ya kulinganisha jibu na ulilotarajia, kisha ukiwa ndani ya `src` endesha faili la jaribio hilo peke yake, mfano:

```
make test_substitute
```

Lazima lifeli kwanza. Likipita kabla hujagusa msimbo, hujaikamata bagi. Ukishaziba, endesha `make test` yote, maana kuziba huku kunaweza kutoboa kule.

Wakati majaribio yanazunguka, andika `:help uganda`. Bram Moolenaar, aliyetoa Vim mwaka 1991 na kuitunza hadi alipofariki Agosti 2023, aliwaomba wanaoitumia wachangie watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda. Ombi hilo bado limo ndani ya leseni.