Mtoto Hataki Kula: Kazi ya Mzazi na Kazi ya Mtoto Mezani

Wazazi wengi huanza kuhangaika mtoto akishatimiza mwaka mmoja. Hadi juzi alipanua mdomo kila alipoona kijiko. Sasa anageuza uso, anatema tonge, anadai maziwa. Kabla hujabadilisha chochote, tazama hesabu. Mtoto huongeza uzito wake takriban mara tatu katika miezi 12 ya kwanza: aliyezaliwa na kilo 3.2 hufikia karibu kilo 9.5. Mwaka wa pili mzima huongeza kilo 2 hadi 3 tu. Mwili uliopunguza kasi ya kukua unapunguza pia hamu ya kula, na huko ni kukua kwa kawaida. Shida kubwa huja baadaye, mzazi anaposhikwa na hofu na kuanza kulazimisha.

Kulazimisha huzaa kinyume chake. Mtoto aliyeshikwa kichwa ili ameze hujifunza kuogopa meza, na kesho yake analia akiona kiti tu. Hata zawadi zina gharama. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani Leann Birch na wenzake waliwapa watoto wadogo kinywaji wasichokizoea. Baadhi walituzwa au kusifiwa kwa kukinywa, wengine walipewa bila ahadi yoyote. Waliotuzwa waliishia kukipenda kidogo kuliko mwanzo, wenzao hawakupungukiwa. Mtoto hupiga hesabu yake: kama lazima nilipwe ili ninywe hiki, basi hakina utamu.

Mwongozo unaofaa zaidi kwa nyumba nyingi ni ule wa mtaalamu wa lishe Ellyn Satter, naye wa Marekani, unaogawa kazi mbili. Mzazi huamua kitakacholiwa, saa ya kula na mahali pa kulia. Mtoto huamua atakula kiasi gani, au kama hatakula kabisa. Ukishika sehemu yako kikamilifu na kumwachia yake, sehemu kubwa ya ugomvi wa mezani huisha. Wazazi wengi hufanya kinyume bila kujua: wanamwachia mtoto achague chakula na saa ("unataka nini sasa, mwanangu?"), kisha wanang'ang'ania wao kiasi cha kuliwa.

Mgawanyo huu unafaa zaidi mtoto anapokuwa ameanza kula chakula cha familia, karibu na mwaka mmoja. Kabla ya miezi 6 mtoto hunyonya anapotaka. Kuanzia miezi 6 huanza chakula cha nyongeza, mara 2 hadi 3 kwa siku, kisha mara 3 hadi 4 kuanzia miezi 9, huku akiendelea kunyonya. Lakini hata huyo wa miezi 7 akifumba mdomo na kugeuza kichwa, ameshasema ameshiba. Weka kijiko chini.

Saa kwanza

Ukiweza kurekebisha jambo moja tu wiki hii, rekebisha saa. Mtoto anayedonoa biskuti, ndizi na maziwa kutwa nzima hana njaa ya kweli wakati wowote, na asiye na njaa hajaribu kitu kigeni. Weka milo 3 na vitafunio 2, pengo likiwa kama saa 3 kati ya kimoja na kingine. Kwa mfano: saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7 mchana, saa 10 na saa 1 jioni. Mtoto anayelala mapema asogezewe mlo wa mwisho. Katikati ya nyakati hizo hupewa maji tu.

Siku za mwanzo ndizo ngumu. Mtoto aliyekataa chakula cha mchana ataomba biskuti baada ya nusu saa, na hapo ndipo wengi hushindwa kwa huruma. Hatadhurika kwa kusubiri hadi saa 10, mradi ni mzima na vitafunio vya saa 10 vina chakula cha maana: yai na tunda, mtindi, au mkate uliopakwa siagi laini ya karanga. Usimwambie "ulikataa mwenyewe". Mwambie lini atakula, kwa lugha anayoielewa, maana saa haijui: "Tutakula tukishatoka kuoga."

Maziwa yanastahili kutazamwa peke yake, kwa sababu huharibu hamu ya kula huku yakionekana mema. Baada ya mwaka mmoja, kama mililita 500 za maziwa ya ng'ombe kwa siku ndiyo kikomo. Yakizidi hapo yanajaza tumbo na kuchukua nafasi ya vyakula vyenye madini ya chuma, na maziwa yenyewe yana chuma kidogo sana. Ndivyo mtoto mnene, mwenye mashavu, anavyoweza kukutwa na upungufu wa damu. Yatoe kwenye kikombe, pamoja na mlo au vitafunio, kamwe usimpe nusu saa kabla ya chakula. Chupa iachwe kati ya miezi 12 na 18. Anayelala nayo mdomoni huozesha meno ya mbele.

Juisi, hata ya matunda halisi, haifai chini ya mwaka mmoja, na kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 isizidi mililita 120 kwa siku. Akila tunda lenyewe anapata nyuzinyuzi, na anashiba mapema. Chai nayo ipishane na milo, kwa kuwa huzuia chuma cha mboga na maharage kufyonzwa vizuri. Limau, chungwa au nyanya pamoja na maharage hufanya kazi kinyume: vitamini C husaidia chuma hicho kuingia mwilini.

Sahani ya mtoto

Kipimo cha kuanzia ni kijiko kimoja cha chakula kwa kila mwaka wa umri, kwa kila aina. Mwenye miaka 2 apakuliwe vijiko 2 vya wali, 2 vya maharage, 2 vya mboga. Mzazi anayekiona mara ya kwanza hudhani ni kidogo mno. Lakini sahani iliyojazwa humchosha mtoto kabla hajaanza, na mabaki yake humfanya mzazi aone mtoto hakula, wakati amekula cha kumtosha. Akitaka zaidi, ongeza bila maswali.

Katika kila mlo kuwe na kitu kimoja ambacho mtoto huyo huwa anakula, hata kama ni mkate au wali mtupu. Kikiwepo, hana sababu ya kupikiwa chakula chake peke yake, na wewe huna haja ya kukubali kukipika. Mpikie mtoto "chake" kila siku, na baada ya miezi michache atabaki na vyakula vitano tu anavyovikubali.

Tazama pia kiti. Mtoto ambaye miguu yake inaning'inia hutumia nguvu kujishikilia, huchoka na kuanza kujinyonganyonga. Watu humwita mtundu. Weka kigoda au boksi gumu chini ya nyayo, na meza iwe karibu na usawa wa viwiko. Mlo uishe ndani ya dakika 20 hadi 30, sahani ziondolewe hata kama zina chakula, pasipo kukunja uso. Simu na televisheni zizimwe. Katuni kweli hufungua mdomo wa mtoto, lakini anameza bila kusikia njaa wala shibe, na siku simu ikiisha chaji mdomo nao unafungwa.

Mboga asiyoitaka

Kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi huogopa chakula wasichokijua. Hofu hiyo hupungua kwa kukutana nacho mara nyingi, kwa kawaida mara 8 hadi 15, na wengine zaidi. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne, wakasema "huyu hapendi mboga". Kwa mboga moja mpya, fanya hivi:

1. Chagua mboga moja tu na uitoe kila baada ya siku 2 hadi 4. Usibadilishe kila siku.
2. Weka kipande chenye ukubwa wa punje ya njegere pembeni mwa chakula anachokizoea, visigusane.
3. Wewe kula mboga hiyohiyo mbele yake. Usiihubiri. Mtoto huangalia mdomo wa mkubwa kuliko anavyosikiliza maneno yake.
4. Kugusa, kunusa, kulamba na kutema vyote vihesabike kama hatua. Mwonyeshe mahali pa kutemea, mfano kitambaa, ili asiogope kutia mdomoni.
5. Akiikataa, iache palepale hadi mlo uishe, kisha ondoa. Siku nyingine badilisha mkato au upishi: ya kuchemsha, ya kuchoma kwenye oveni, ya kukaanga kidogo.
6. Andika tarehe kwenye karatasi jikoni. Kumbukumbu ya kichwa hudanganya. Mara nne huonekana kama ishirini.

Upishi wenyewe mara nyingi ndio wenye kosa. Kabichi na brokoli vikichemshwa muda mrefu hutoa harufu ya salfa inayomchukiza hata mtu mzima. Brokoli ya mvuke hutosha kwa dakika 4 hadi 5: iwe bado ya kijani kibichi na uma upite kwa urahisi. Watoto huhisi ladha chungu kwa ukali kuliko wakubwa, hivyo mboga chungu itiwe mafuta kidogo au tone la limau. Kusaga mboga na kuificha ndani ya mchuzi si dhambi, ila hakumfundishi kula mboga. Ukisaga, weka na kipande kizima pembeni akione. Akigundua amefichwa kitu, anaweza kuukataa na ule mchuzi aliokuwa akiupenda.

Mshirikishe jikoni. Wa miaka 2 anaweza kuosha nyanya na kuchambua majani, wa miaka 4 anaweza kukata tango laini kwa kisu butu ukiwa karibu. Chakula ambacho mikono yake imeshakigusa si kigeni tena.

Maneno na vitamu

"Maliza sahani" humfundisha mtoto kupuuza shibe yake. "Vijiko vitatu tu vya mwisho" hugeuka mnada. Badala yake uliza mara moja, "Umeshiba?" na uamini jibu. Sifa nazo zipunguzwe: ukishangilia kila tonge, unamwambia kwamba tonge ni lako. Zungumzeni mambo mengine ya siku. Usimwite "mgumu wa kula" mbele ya wageni, kwa kuwa atalishika jina hilo na kulitetea.

"Kula mboga upate keki" ndiyo sentensi yenye madhara makubwa kuliko zote hapa. Inaifanya mboga kuwa adhabu na keki kuwa tuzo. Siku ambayo mmepanga kitu kitamu, kipakue kidogo, kipande kimoja kwa kila mtu, kiwe mezani pamoja na chakula, na mtoto ale kwa mpangilio anaoutaka. Atakianza. Baada ya mara kadhaa, kitamu kisichopiganiwa hupungua mvuto. Hakuna nyongeza ya hicho, lakini chakula kingine kiongezwe apendavyo.

Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri watoto chini ya miaka 2 wasipewe sukari ya kuongezwa kabisa, na walio juu ya hapo wabaki chini ya gramu 25 kwa siku, sawa na vijiko 6 vya chai. Kopo moja la soda la mililita 330 lina karibu gramu 35. Kwa hiyo soda na vinywaji vyenye rangi ni vya kuondolewa nyumbani, na hiyo ni pamoja na vya baba na mama. Sheria inayomhusu mtoto peke yake haidumu. Bibi, shangazi na dada anayemlea waambiwe mapema, kwa heshima na kwa sababu zake, maana biskuti moja ya saa 6 mchana huvunja mlo wa saa 7.

Chumvi: toa sehemu ya mtoto kwenye sufuria kabla ya kuitia. Mwongozo wa Uingereza ni gramu 2 kwa siku kwa mwenye mwaka 1 hadi 3, na mkate na jibini vinazimaliza kwa haraka.

Vya kuzuia kabisa

Asali isitolewe kabla ya miezi 12, hata tone, kwa hatari ya botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli ya mtoto. Karanga na korosho nzima, pamoja na bisi, zisubiri. Karanga nzima hadi miaka 5. Zabibu na nyanya ndogo zikatwe kwa urefu vipande vinne, soseji ikatwe kwa urefu na kamwe isikatwe duara, karoti mbichi ikwaruzwe au ipikwe. Mtoto ale akiwa ameketi, akitazamwa, asikimbie na chakula mdomoni. Anayekohoa kwa sauti au kutaka kutapika bado anapata hewa; mwache akohoe. Asiyetoa sauti, anayebadilika rangi, amesakamwa, na anahitaji huduma ya kwanza papo hapo. Jifunze huduma hiyo kabla hujaihitaji.

Lini aonwe na mtaalamu

Usisubiri ikiwa mtoto anapungua uzito au mstari wa kadi yake ya ukuaji umelala, anakohoa au kupaliwa mara kwa mara anapokula, anatapika kila anapokula vyakula vya namna fulani, amebaki na vyakula vichache vinavyozidi kupungua, anakataa kundi zima kama vyote vya kutafuna, au anakula udongo, jambo linaloambatana mara nyingi na upungufu wa chuma. Kabla ya kwenda, andika kwa siku 7 kila kilichoingia mdomoni, pamoja na maziwa na juisi kwa mililita, na saa yake. Beba karatasi hiyo pamoja na kadi ya ukuaji.