Tela la pikapu: kabla hujauliza litavutwaje, uliza litasimamaje

Familia nyingi za Kilimanjaro zina kihamba, yaani shamba la nyumbani, juu mlimani na shamba la mahindi au mpunga chini tambarare. Vifaa ndivyo vinavyohama. Pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono, inashushwa Mabogini au Chekereni majaruba ya mpunga yanapoandaliwa, mashine ya kupukuchua mahindi inapandishwa baada ya mavuno, na pampu inakwenda kokote maji yaliko. Arusha nako ni hivyo hivyo: mtu anakaa Tengeru au Ngaramtoni, shamba liko Monduli au Kikatiti. Mwenye pikapu akichoka kukodi gari kila msimu huanza kutafuta tela, na swali la kwanza kwa fundi huwa moja: "Gari langu litavuta?"

Litavuta. Injini ya dizeli ya pikapu iliyo nzima, ukiipa gia ya chini, inavuta mzigo mzito kuliko ule inaoweza kuusimamisha kwa usalama. Shida iko kwenye kushuka. Ukitoka Marangu kwenda Himo, au Machame kwenda barabara kuu, unashuka kilomita kadhaa bila mapumziko, na njiani kuna matuta, bodaboda na watoto wa shule. Tela lisilo na breki zake linaiachia pikapu kazi yote ya kusimama. Kwa milima yetu, basi, tela huchaguliwa kwa breki. Urefu wa bodi na unene wa chuma vinafuata baadaye.

Piga hesabu ya kilo kwanza

Pawatila ya nguvu farasi 12 hadi 15 huwa na uzito wa kati ya kilo 350 na 500, kutegemea aina na vifaa vilivyofungwa. Tuseme yako ni kilo 450. Tela imara la kuibeba linaweza kufika kilo 500 likiwa tupu. Ongeza magurudumu ya chuma ya matopeni, jembe, dumu la dizeli la lita 20 ambalo peke yake ni kilo 17 hivi, na sanduku la spana. Umeshavuka kilo 1,000.

Sasa fungua kitabu cha gari. Watengenezaji wengi wa pikapu huweka kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki, na hiyo ni jumla ya tela na mzigo wake. Maana yake pawatila moja tu imeshakutoa kwenye matela ya bei rahisi yasiyo na breki. Kwa tela lenye breki kikomo hupanda hadi tani mbili na zaidi, lakini hutofautiana sana kati ya toleo la zamani na jipya la gari lile lile, kwa hiyo usikubali namba ya jirani mwenye gari linalofanana na lako.

Kuna wanaotaka kupakia trekta zima. Trekta dogo la nguvu farasi 45 hadi 50 peke yake linakaribia tani mbili. Ukiongeza tela la kulibeba, pikapu nyingi za zamani zimeshazidiwa. Trekta la namna hiyo litembee kwa magurudumu yake au likodiwe lori la Canter. Usitafute fundi wa kukuambia inawezekana, utampata.

Breki zipo za namna mbili

Ya kwanza ni ya msukumo. Pikapu ikipunguza mwendo, tela linaisukuma kwa nyuma, mkono wa mbele wa tela unarudi ndani kidogo, na msukumo huo unavuta waya au fimbo inayobana breki za magurudumu ya tela. Haihitaji umeme wala kifaa ndani ya kabati la dereva, na fundi yeyote anayejua breki za dramu ataielewa. Udhaifu wake unaonekana kwenye mteremko mrefu: tela linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zinashikilia muda wote, dramu zinachemka na uwezo wa kushika unapungua. Ukiwa nayo, anza mteremko taratibu ukiwa kwenye gia ndogo, na ukisikia harufu ya kuungua tafuta mahali pa wazi usimame, ukinge magurudumu kwa mawe na usubiri zipoe. Usizimwagie maji. Kumbuka pia kwamba ukirudi nyuma kwenye mwinuko breki hiyo inaweza kujibana yenyewe, kwa hiyo uliza kama tela lina kifungio cha kuizuia wakati wa rivasi.

Ya pili ni ya umeme, inayoendeshwa na kifaa kidogo kando ya usukani. Dereva anaweza kuipunguza au kuiongeza kulingana na mzigo, na tela likianza kuyumba anaweza kubana breki za tela peke yake. Kwa mteremko wa kila siku hii ndiyo bora. Lakini nyaya zake hazipendi vumbi wala matope ya majarubani, na inahitaji fundi umeme anayeijua hasa. Anayeshuka mara chache kwa msimu ningemwambia achukue ya msukumo iliyotunzwa vizuri.

Aina yoyote utakayochagua, iwe na waya wa dharura unaofungwa kwenye gari. Tela likichomoka, waya huo ndio unaozibana breki zake kabla haujakatika. Minyororo miwili ya usalama nayo ni lazima. Ipishane chini ya mkono wa tela, ili ukidondoka udakwe na usichimbe lami.

Kuna mtego mmoja kwenye matela yanayochomelewa mitaani. Mengi hutumia ekseli ya nyuma ya gari lililochakaa. Dramu utaziona na utadhani breki zipo, kumbe ndani viatu vya breki vimeshatolewa, au vipo lakini hakuna kinachoviunganisha na mbele. Mwambie muuzaji afungue gurudumu moja ukiwa umesimama hapo. Akikataa, umeshapata jibu.

Gololi, ekseli na tairi

Gololi ya chuma iliyo nyuma ya pikapu na kikombe cha tela kinachokaa juu yake viwe vya kipimo kimoja. Kuna gololi ya milimita 50 na kuna ya inchi mbili, yaani milimita 50.8. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Gololi ya 50 ndani ya kikombe cha inchi mbili inacheza, na kwenye shimo kubwa inaweza kuruka. Kipimo mara nyingi huwa kimegongwa kwenye chuma chenyewe. Pangusa grisi ukisome.

Kwa mzigo wa tani moja na kitu ekseli moja inatosha, na tela la namna hiyo ni jepesi kugeuza kwenye njia nyembamba za migombani. Ukienda tani mbili chukua ekseli mbili. Linatulia vizuri zaidi, na pia tairi likipasuka bado unabaki na magurudumu ya kukushikilia.

Tairi la tela husahaulika. Ubavuni kuna namba ya uwezo wa kubeba: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 100 ni kilo 800. Kuna pia tarakimu nne za umri, kwa mfano 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tela hukaa juani miezi mingi bila kutembea, kwa hiyo kashata za tairi zinaweza kuwa bado nene huku ubavu umeshapasukapasuka. Na ukitoka kwenye maji ya mpunga, fungua beringi uone grisi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Kupakia

Uzito mwingi kidogo ukae mbele ya ekseli, karibu asilimia 60. Mkono wa tela uielemee pikapu kwa takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wote: tela na mzigo vikiwa kilo 1,050, pale mbele pawe na kilo 100 hivi. Mzani wa magunia ukiuweka chini ya mkono wa tela utakupa jibu. Pakiwa pepesi mno tela litachezesha mkia mwendo ukipanda. Likianza hivyo, ondoa mguu kwenye mafuta polepole, shika usukani ukiwa umenyooka, na usikanyage breki ya gari kwa nguvu. Kilo hizo 100 zihesabu pia kama mzigo wa pikapu; mwenye mifuko kumi ya mbolea nyuma na watu wanne ndani huenda ameshajaza nafasi yake.

Pawatila ifungwe pembe nne, kwa minyororo au mikanda yenye kikazio, ikivutwa mbele na nyuma. Kamba ya katani hulegea. Simama baada ya kilomita chache za kwanza ukaze tena. Mtu asipande kwenye tela kushikilia mzigo, hata kama ni hadi njia panda tu.

Kwa anayetaka ushauri wa ana kwa ana, CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo, wapo Njiro, Arusha, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi Arusha na Moshi. Maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale Themi, Arusha, pia ni mahali pazuri pa kulinganisha mashine na kumuuliza aliyeitengeneza.

Tela husajiliwa TRA, mamlaka ya mapato, na hupewa namba yake yenyewe, tofauti na ya gari. Linganisha kadi na namba iliyogongwa kwenye chesisi, na uliza kampuni yako ya bima kama tela lako limeingizwa kwenye bima. Muuzaji akikwambia kadi ipo kijijini, hela nayo ikae mfukoni mpaka kadi ifike.