Somo: besi ya kunguruma, kutoka sinthi hadi kurisampo

Hili ni la anayeanza, mwenye laptopu ya kawaida na hedifoni. Kurisampo ni kurekodi tena sauti uliyoitengeneza, ili uikate na kuigeuza upya. Huhitaji kwenda madukani barabara ya Luthuli, Nairobi, kununua chochote. Sinthi, yaani programu ya kuzalisha sauti, ni Vital, na toleo lake la bure linatosha kabisa. Mwenye Surge XT au Serum atafuata bila taabu. Weka tempo 140, noti iwe F.

Kabla hujagusa kitu, elewa kwamba besi ni mbili. Iko ya chini kabisa, ile inayokutikisa kifua ukikaa kiti cha nyuma kwenye matatu ya Rongai. Halafu iko ya katikati, inayonguruma na kukwaruza. Ya chini tutaitengeneza mara moja na hatutaigusa tena. Fujo zote tutazifanya kwa ya katikati.

Hatua ya 1: ya chini

Oskileta (chanzo cha sauti ndani ya sinthi) moja, wimbi la saini (sine). Cheza F ya chini. Programu hazihesabu oktavu sawa, kwa hiyo usifuate namba iliyoandikwa kwenye kinanda. Tazama kipimo cha masafa, kisome karibu 44 Hz. Ataki (muda wa sauti kupanda mwanzoni) milisekunde 3 hivi ili isianze na mdundo wa "tik". Iwe mono. Usiweke riveb (mwangwi wa chumba) wala korasi. Spika ya simu haitaitoa, na hilo lisikusumbue.

Hatua ya 2: ya katikati

Fungua sinthi nyingine kwenye treki yake. Oskileta mbili, zote wimbi la msumeno. Moja ipandishe senti 10 (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni), ya pili ishushe senti 10. Bonyeza F ileile uishikilie. Utasikia sauti inaanza kuviringika. Hii ndiyo besi inayoitwa Reese, jina ambalo mtayarishaji Kevin Saunderson wa Detroit alilitumia kwenye rekodi yake ya 1988. Watu wa muziki wa jungle kule Uingereza waliidaka miaka ya 90 na hawajaiachilia mpaka leo.

Hapa tukae kidogo. Senti 10 juu na 10 chini, kwenye 44 Hz, ni tofauti ya kama nusu Hz. Maana yake kila sekunde mbili mawimbi hayo yanakutana, kisha yanapingana, na yakipingana noti ya msingi inafutika. Ila tofauti hiyo hukua kadiri unavyopanda: hamoniki (sauti za juu zilizo ndani ya noti) ya kumi ya wimbi moja inapishana na ya mwenzake kwa Hz 5, kwa hiyo inapigapiga mara tano kwa sekunde. Juu panachangamka, chini panazama na kuibuka. Ukiiacha Reese ibebe chini ya wimbo, kuna mapigo utapata besi na mengine hutapata kitu. Basi weka EQ (kifaa cha kukata na kuongeza masafa) kwenye treki hii, kata yote yaliyo chini ya 100 Hz, uiachie saini kazi ya chini.

Hatua ya 3: choma, kisha chuja

Distoshoni (athari ya kukwaruza sauti) kwanza, filta baadaye. Distoshoni huzaa hamoniki mpya, filta ndiyo huchagua zipi zipite. Filta iwe ya kupitisha chini, dB 24 kwa oktavu, uizungushe kati ya 200 Hz na 2,000 Hz. Tumia mkono. LFO (wimbi la polepole linalozungusha vitufe lenyewe) ni nzuri, lakini hurudia kilekile, na sisi tunatafuta yale ambayo hutaweza kuyarudia.

Hatua ya 4: rekodi

Zima ngoma, na uzime ile saini ya chini. Kwenye programu ya muziki ya Ableton Live, fungua treki ya odio na uchague Resampling kama chanzo cha sauti. Kwenye FL Studio weka Edison, rekoda yake, kwenye chaneli ya mixa. Rekodi baa 16, kama sekunde 27, ukizungusha filta, ukiongeza na kupunguza distoshoni, ukifanya unavyotaka. WAV ya biti 24, kilele kisipite -6 dB. MP3 hapana.

Hatua ya 5: kata

Sikiliza ukiwa umefumba macho. Sehemu kubwa itakuwa takataka, ndivyo ilivyo. Chagua vipande vinne au vitano vilivyokushtua na uvikate, kila kimoja na fedi fupi (sauti ipande na kushuka taratibu) mwanzo na mwisho. Vipe majina yenye noti na tempo, kama "besi_F_140_a". Faili inayoitwa "mpya mpya 3" hutaitambua wiki ijayo.

Hatua ya 6: mzunguko wa pili

Weka kipande kwenye sampla, programu ya kuchezesha sauti iliyorekodiwa. Kigeuze kianzie nyuma, kishushe nusu toni 12, kipe riveb fupi, halafu distoshoni juu ya riveb hiyo. Rekodi tena. Ukishusha oktavu nzima bila kunyoosha muda, sauti huwa ndefu mara mbili, na mikwaruzo iliyokuwa ya haraka sasa inasikika mmoja mmoja. Mizunguko miwili au mitatu yatosha. Ukizidi hapo, kwa sikio langu, kila kitu huishia kuwa mvumo mmoja.

Hatua ya 7: zikutanishe

Rudisha saini, panga vipande juu yake, ukate tena chini ya 100 Hz kwenye vipande, maana kila kurisampo hurudisha uchafu wa chini. Kiki (ngoma nzito ya chini) ikipiga, besi ya chini ishuke kidogo kwa saidicheni, yaani kompresa inayoamrishwa na kiki.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Nikifungua Vital mbili inaganda.*

Basi mbinu hii ni yako hasa. Rekodi sinthi moja, ifunge, baki na WAV. Odio hailemei prosesa kama sinthi. Na stima ikikatika ghafla, WAV iliyokwisha hifadhiwa utaikuta.

*Natumia FL Studio ya majaribio, project ikishafungwa haifunguki tena. Nifanyeje, kaka?*

Ndivyo toleo hilo lilivyo: linahifadhi, ila halifungui ulichohifadhi mpaka ununue. Kabla hujafunga, toa kila treki kama WAV. Kesho unaanza project mpya na vipande vyako vya jana.

*Kwangu kwenye spika besi ni moto, nikienda kwa rafiki imepotea. Kosa liko wapi?*

Chumba chako ni cha futi kumi kwa kumi? Ukuta hadi ukuta ni kama mita 3, na umbali huo huvimbisha masafa ya karibu 57 Hz, kati ya A na A kali. Ukikaa kwenye kona ndiyo kabisa. Unapunguza besi ambayo haijazidi, au unasifu ambayo haipo. Pima kiwango cha chini kwa hedifoni na kwa kipimo cha masafa. Majirani wa ploti nao watapumzika.

*Lazima nianze na sinthi? Nimerekodi mafundi wakigonga mabati Kamukunji kwa simu.*

Dada, hiyo ni bora kuliko msumeno wangu. Chukua mdundo mmoja wa nyundo, ushushe nusu toni 24. Utakuwa mrefu mara nne na mlio wa bati utageuka mngurumo. Halafu endelea na hatua ya 3. Kumbuka simu hainasi chini vizuri, kwa hiyo saini bado unaihitaji, na lazima uitafutie noti: cheza saini juu ya sampuli, panda na kushuka mpaka zikubaliane. Ukitaka kusikia sauti zilizorekodiwa mitaani zinaweza kufika wapi, msikilize KMRU, msanii mzaliwa wa hapa hapa Nairobi.

*Mimi sikubaliani na 100 Hz. Nakata kwenye 70 na inanenepa vizuri.*

Kwa noti ya F, 70 inaacha hamoniki ya pili, ya 87 Hz, ibaki kwenye treki ya katikati. Ikiwa umenyoosha fezi (mawimbi yanapanda na kushuka pamoja) na kipande hakiviringiki, sawa, itanenepa. Kwa Reese inayozunguka, geuza mixi yako iwe mono uisikilize sekunde kumi, utaona inavyopanda na kushuka.